Maji ya Moto ya Makame

Kaka yangu Makame alikuwa ametimiza mwaka kaburini siku niliyokuta rejeta ya gari imejaa maji ya moto. Nasema ya moto, si ya uvuguvugu. Nilitoka alfajiri na ndoo yangu kwenda bombani, jua bado, umande umeganda juu ya majani kama chumvi iliyomwagika, nikaona mvuke unatoka gerejini kwa mume wangu. Nikaingia, nikashika kifuniko cha rejeta, nikakirudisha kiganja upesi na kukitia mdomoni.

Asiyeijua Iringa ya mwezi wa Julai hawezi kuelewa kilichonitisha. Kwetu huku juu, kulaza gari na maji ndani ya injini ni kujitakia balaa, maana yakiganda yanapasua chuma. Kila jioni fundi hufungua koki na kuyamwaga yote. Asubuhi mtu hubandika debe motoni, na maji yakishachemka kidogo huyamimina kwenye rejeta, ndipo injini inakubali kuamka. Halafu hufunga gunia mbele ya rejeta kuzuia upepo wa baridi, mpaka gari literemke bondeni kwenye joto. Hapo lazima gunia litolewe, la sivyo injini inakosa hewa na kuchemka. Pale kwetu Mlandege, debe na gunia vilikuwa kazi ya Makame. Naye Makame alikuwa amelala Igawa, chini ya mchanga. Na jioni ya kuamkia siku ile nilimwona kwa macho yangu mume wangu Alawi akifungua koki mpaka tone la mwisho.

Mbele ya rejeta palifungwa gunia, bichi, likinuka tope la mtoni. Katikati lilikuwa na kiraka cha kanga ya bluu. Kiraka kile nilikishona mimi.

Nilimwamsha Alawi. Alikuja mbio na shuka lake, akaliona gunia, na uso wake ukawa wa majivu. Alichukua kisu kwenye meza ya vyuma akaikata kamba, pa, pa, akalikunja gunia na kulitupa nyuma ya mapipa.

"Baba Halfani," nikamwambia, "hilo si gunia lile mlilolipoteza Makambako mwaka jana?"

"Magunia yote yanafanana."

"Na viraka navyo vinafanana?"

"Mama Halfani, usinitie wazimu asubuhi yote hii. Kalinga ndiye amefanya mzaha."

Kalinga, Bartholomeo Kalinga, alikuwa Mhehe aliyetulehemia rejeta, Mkatoliki mtulivu ambaye mzaha hakuujua hata ukimwekea mkononi. Nilikwenda uani. Mafiga yalikuwa baridi, jivu la jana halijaguswa, lakini debe la Makame lilikuwa limelowa ndani. Nilipoingia nyumbani nilimkuta mama yangu, Mwanakhamisi, ameketi kwenye mkeka na tasbihi yake.

"Ameshakuja?" akaniuliza.

"Nani, mama?"

"Mwenye debe lake."

Nilikaa chini. Mama hakuwa mtu wa kuota ndoto. Alikuwa binti wa watu wa pwani waliopanda huku na biashara ya nguo, na maisha yake yote aliamini vitu viwili tu, Mungu na mizani. Tangu siku hiyo akawa ananiuliza vivyo hivyo kila asubuhi, kwa sauti ile ile ya mtu anayengoja maziwa yaletwe.

Sasa nieleze gari lenyewe. Lilikuwa la Mgiriki mmoja, mkulima wa tumbaku, aliyeangushwa na farasi akavunjika nyonga. Nyonga ilivunjika, hamu ya mashindano haikuvunjika. Kila mwaka wenye magari wa Iringa walishindana na wa Mbeya, kutoka mji wetu mpaka mji wao, vumbi na mawe njia nzima. Mgiriki alimpa Alawi gari aliendeshe, naye Alawi akalichokonoa kama daktari. Alikinoa kichwa cha injini ili mgandamizo wa mafuta na hewa ndani uongezeke, akatia kabureta mbili mahali pa moja. Lilikwenda kama limeona shetani. Lakini injini iliyoongezwa nguvu imeongezwa na joto, na hapo ndipo maneno yote yalipoanzia.

Mwaka wa hamsini na tano walikwenda wawili, Alawi kwenye usukani na Makame pembeni. Akarudi mmoja. Habari tuliyoletewa msibani ni kwamba pampu ya maji ilikufa kwenye tambarare ya Igawa, maji yakachemka, na Makame akakimbilia kifuniko akakifungua kabla ya kupoa. Maji yalimrukia usoni na kifuani. Hakufika jioni. Walimzika huko huko kando ya barabara, kwa msaada wa Wasangu wachunga ng'ombe waliokimbilia mvuke. Watu wakasikitika, wakatikisa vichwa, wakasema ni papara zake marehemu.

"Mwanangu hakuwa na papara," mama alisema siku ile. "Alikuwa anapuliza hata uji uliopoa."

Alawi alikuwepo. Aliinamisha kichwa. Mimi nilidhani ni huzuni.

Na sasa, mwaka mmoja baadaye, Mgiriki alitaka kuingia tena mashindanoni, na Alawi alikuwa amekubali. Niligombana naye mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia gari lile limekwisha kunila ndugu, sitaliachia na mume. Akaniambia safari hii hakuna kitakachochemka, pampu anaitengeneza upya yeye mwenyewe.

Na kweli aliitengeneza. Sijapata kumwona mtu akishughulikia pampu namna ile. Alikwenda kuing'oa nyingine kwenye lori lililopinduka Kitonga, kubwa karibu mara mbili, akaupiga tupa mdomo wake mpaka ukakaa sawasawa kwenye injini. Panga za ndani, zile zinazosukuma maji, alizitupa akakata nyingine za shaba, pana zaidi. Akabadilisha beringi, na sili inayozuia maji yasivuje. Kwanza aliweka puli ndogo, kile kigurudumu cha mkanda, ili pampu izunguke kwa kasi, ikazunguka kwa kasi kupita kiasi, maji yakawa yanakorogeka na kutoa mapovu, na mapovu hayapozi chuma. Akaitoa, akachonga nyingine. Feni ya panga nne akaiondoa akafunga ya panga sita. Kalinga akaiongeza rejeta safu moja ya mirija. Walipolijaribu kwenye mlima wa Ipogolo, wakipanda na kushuka mchana kutwa, mshale wa joto ulisimama katikati na haukusogea. Fundi mwingine angecheza ngoma. Alawi alirudi nyumbani, akanawa mikono, akainawa tena.

Maana kila asubuhi rejeta ilikuwa imejaa, ya moto, na gunia liko mbele yake.

Alilichoma gunia lile kwenye moto wa kufulia vyuma, mimi nikitazama. Kesho yake lilikuwepo, bichi, na kiraka changu. Alifunga mlango wa gereji kwa kufuli na minyororo. Gunia likawepo. Nilimshuku mama, Mungu anisamehe, nikalala naye mkeka mmoja nimeushika mkono wake mpaka kulipokucha. Hakuinuka hata kwenda msalani, na rejeta ikaunguza vile vile. Kila mara Alawi ndiye aliyetangulia gerejini, na kila mara ni kisu. Hakuwahi kukaa akalifungua fundo lile. Nililiona hilo, ila sikulitia maanani. Nilidhani ni hofu tu.

Tulikwenda kwa sheikh. Akasema ni jini la maji, akatuandikia kombe kwenye sahani, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji ya waridi. Alikusudia Alawi alinywe. Alawi akalimimina kwenye rejeta. Kwa siku mbili tatu gereji yetu ilinukia kama chumba cha bibi harusi, na maji yaliendelea kujazwa.

Kalinga ndiye wa kwanza kuondoka. Alikuja kuniaga mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Halfani, mimi nasimamisha kazi. Hii gari iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni Mgiriki, Kalinga."

"Hapana. Mgiriki iko na karatasi tu." Akaangalia pembeni. "Makame alikuwa rafiki yangu. Kama anakuja kufanya kazi yake, basi kuna kazi haijaisha. Muulize fundi."

Nilimuuliza fundi. Akanipa mgongo.

Hapo lazima niseme habari ya sheria ya Alawi, maana yote yako humo. Alikuwa na sheria moja gerejini na aliishika kuliko sala. Aliyekaza nati ndiye anayeilegeza, aliyefunga kamba ndiye anayeifungua, mtu wa pili haingizi mkono. Zamani tairi liliwahi kuchomoka njiani kwa sababu mafundi wawili kila mmoja alidhani mwenzake amekaza, na tangu hapo hakutaka kusikia neno "nilidhani". Makame aliitii sheria hiyo kama askari. Angeweza kukuta kamba ya mtu mwingine imelegea, akamwita mwenyewe, lakini asiiguse.

Ilipobaki juma moja Alawi akasema analipeleka gari Igawa, alijaribu kwenye tambarare yenyewe. Nikasema nakwenda naye. Akakataa. Nikapanda nikakaa kiti cha Makame, nikajifunga kanga yangu kwa nguvu, nikamwambia akitaka anishushe kwa winchi. Mama alitoka mpaka mlangoni kutuona.

"Nendeni wote," alisema. "Makame hapendi kuachwa."

Asubuhi ile nilikuwa nimelichukua gunia mwenyewe baada ya Alawi kuikata kamba, nikalitia kwenye sanduku langu la nguo, nikafunga, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Mbele ya rejeta palikuwa peupe. Nilipapasa kwa mkono kuhakikisha.

Tulipita Sao Hill kwenye ukungu, hatuoni mbele hatua kumi. Injini ilinguruma vizuri, mshale katikati. Alawi alianza kulegea mabega, akaanza hata kunisimulia juu ya zile panga za shaba. Tulipofika Makambako, pale ambapo barabara inaanza kuteremkia joto la Usangu na madereva wote husimama kutoa magunia, nikasikia harufu. Gunia bichi linalopata moto. Kila mke wa fundi wa huku anaijua.

"Simama," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Simama, Alawi!"

Hakusimama. Alikaza macho mbele, vidole vimekuwa vyeupe juu ya usukani, akakanyaga mafuta. Tukashuka. Gari linapoteremka injini hupumzika na mshale hurudi, mtoto wa fundi anajua hivyo. Wetu ulianza kupanda. Ulipanda taratibu, bila haraka, kama mtu anayekwea ngazi. Pampu ilikuwa inazunguka, feni inavuma, tulikuwa tunaisikia. Jua likawa kali, ukungu umebaki juu nyuma yetu, na harufu ile ikajaa ndani mpaka nikafunika pua. Nilisoma kila aya niliyoijua. Alawi alikuwa analia huku anaendesha, machozi yanashuka kwenye ndevu, na hakufuta.

Karibu na daraja la Igawa mvuke ukafumuka na gari likazima lenyewe. Lilisimama pale pale. Upande wa kushoto, chini ya mgunga, niliona mawe yaliyopangwa juu ya kaburi la kaka yangu.

Alawi aliruka chini, akafungua boneti. "Pampu," akawa anasema, "pampu haiwezi, nimeitengeneza mimi, haiwezi." Nikamwona ananyoosha mkono mtupu kwenye kifuniko. Kifuniko kilikuwa kinatetemeka na kupiga mluzi. Alikuwa anakifungua! Nilitoka mbio nikamshika kiunoni kwa nguvu zangu zote, nikamvuta, tukaanguka wote wawili vumbini mbele ya gari.

Na tukiwa pale chini tukaliona. Gunia. Linatoka mvuke, limebana rejeta kuanzia juu mpaka chini, kiraka changu cha bluu katikati. Nikashika pindo la kanga yangu. Ufunguo ulikuwepo.

Sikungoja kisu. Nilipiga magoti, nikashika fundo nilifungue, na kwa mara ya kwanza nikalitazama. Kaka yangu alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Fundo lile lilizungushwa kinyume, kushotoni, namna ambayo mtu mmoja tu gerejini kwetu alifunga. Nimelala na mtu huyo wa mashoto miaka yote, amenifungia vitanda na kamba za nguo. Ningelijua fundo lake gizani.

"Hili umefunga wewe," nikasema.

Akakaa vumbini kama mtoto. Ndipo aliponiambia. Siku ile ya mashindano Makame alikuwa bado kwenye sala ya alfajiri, muda unakwenda, Alawi akalifunga gunia mwenyewe. Walipofika Makambako Makame akamwambia, shemeji, gunia. Alawi akamjibu kwamba wa Mbeya wako mbele, hatusimami.

"Angeshuka tu akalitoa," nikasema.

"Angelitoaje? Nililifunga mimi. Alinikumbusha tena hapa chini. Alisema, shemeji, gunia ni lako." Alawi aliufunika uso. "Lilipochemka akaniambia tungoje lipoe. Magari yanatupita, Mwamvita. Nikampigia kelele afungue. Aliniangalia hivi, halafu akafungua."

"Na gunia?"

"Nikalikata kwa kisu nikalitupa mtoni kabla watu hawajafika."

"Ukatuambia pampu."

"Nikasema pampu."

"Na papara za Makame."

Niliinuka. Nilitamani kumpiga kwa jiwe, nalisema wazi, na mawe yalikuwepo, lakini yalikuwa ya kaburi. Wiki zote zile mwanamume huyu alikuwa akitengeneza pampu ambayo haikuwa imeharibika.

"Lifungue," nikamwambia. "Kwa vidole. Kisu kikae mfukoni."

Kamba ilikuwa ya moto na imevimba kwa maji. Vidole vyake viliungua, akavipuliza, akarudi tena. Alikuwa akisema jina la Makame kila anapovuta. Ng'ombe walipita wakanywa maji, wakarudi, bado yuko kwenye fundo. Lilipoachia, gunia liliteleza likaanguka miguuni pake, kavu, kuukuu, limeoza kama kitu kilichokaa mtoni mwaka mzima. Kifuniko kikaacha kupiga mluzi. Tulingoja. Kaka yangu angengoja, nasi tukangoja mpaka chuma kikapoa kabisa. Kisha tukateremka mtoni na debe.

Tuliporudi Mlandege Alawi alipiga magoti kwenye ukingo wa mkeka wa mama akayasema yote, hakujipunguzia. Mama alisikiliza na tasbihi imesimama.

"Kwa hiyo alikwambia mngoje lipoe," akasema mwishoni.

"Ndiyo, mama."

"Nilijua." Akaendelea kuhesabu shanga zake, na hakumwita tena Alawi mwanangu mpaka anakufa.

Alfajiri iliyofuata nilitangulia gerejini. Mashindano Alawi alikuwa ameyakataa, gari lilikuwa lirudishwe kwa Mgiriki asubuhi ile. Niliweka kiganja juu ya rejeta. Baridi. Nikafungua kifuniko nikachungulia, ndani patupu, pakavu. Mbele hapakuwa na kitu. Debe uani lilikuwa limepinduliwa, kavu, vile nilivyoliacha.

Alawi alikuja nyuma yangu, vidole amevizungushia vitambaa. Aliigusa rejeta, akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Amepumzika."

"Wewe ndiye uliyepumzika," nikamjibu, nikampita.

Nilikuwa sijui, mpaka asubuhi ile, kwamba nilikuwa nimezoea. Kwa wiki zote zile za hofu kaka yangu alikuwa anakuja nyumbani kila siku, anapita uani kwangu, anashika debe letu. Niliwasha moto kwenye mafiga, nikabandika debe, nikachutama hapo nikilia mpaka maji yakaanza kuimba. Nililibeba mwenyewe, zito, maji yakinimwagikia miguuni, nikayamimina kwenye rejeta kidogo kidogo kama alivyokuwa akifanya yeye. Kisha nikarudi ndani, kanga yangu inatoka mvuke.

Mama aliinua uso kutoka kwenye mkeka.

"Ameshakuja?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Leo nimejaza mimi."